Taa za gari la nyuma zinakuchoma macho? Nini cha kununua, kuanzia bora hadi cha kuacha

Ukipishana usiku na gari lenye taa kali, unaumia kwa sekunde chache, kisha limepita. Gari linalokufuata nyuma halipiti. Linaweza kukuganda kilomita nyingi, mwanga wake ukikuingia kupitia vioo vitatu kwa pamoja, na muda wote huo unatakiwa uendelee kumwona mtu aliyevaa nguo nyeusi anayetaka kuvuka barabara mbele yako. Haishangazi kwamba vifaa vya kupunguza adha hiyo vimejaa sokoni. Baadhi ni vizuri kwelikweli. Vingine vinakupa nafuu ya macho huku vikikuibia uwezo wa kuona, na mnunuzi hajui kwa sababu nafuu anaisikia, lakini asichokiona hawezi kujua kwamba hajakiona.

Nimevipanga kwa kipimo kimoja. Kifaa chochote cha kuzuia mng'ao hufanya kazi kwa kupunguza mwanga, na mwanga ndio unaokuwezesha kuendesha. Kwa hiyo nimekiuliza kila kimoja: unapunguza mwanga wa upande gani, na kwa muda gani? Kinachopunguza wa nyuma peke yake, tena pale tu unapozidi, nimekiweka juu. Kinachopunguza wa mbele pia, safari nzima, nimekiweka chini kabisa.

Kwanza, uelewe unapigana na nini

Wengi hudhani dereva wa nyuma amewasha taa kubwa kwa makusudi. Wapo wanaofanya hivyo, lakini mara nyingi ni taa za kawaida za kupishania, na gari liko ndani ya sheria. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinaruhusu taa hizo zifungwe popote kati ya sentimita 50 na 120 kutoka ardhini. Marekani huruhusu hadi sentimita 137 hivi. Macho ya dereva wa gari dogo yako kama mita 1.1 kutoka ardhini. Piga hesabu mwenyewe: gari refu likikukaribia sana, taa zake ziko sawa na macho yako au juu yake, na ule mstari unaotenganisha mwanga na giza katika taa za kupishania hauna tena msaada kwako. Ongeza gari lililopakiwa mzigo mzito nyuma hadi pua ikainuka, au balbu ya LED iliyochomekwa kwenye taa iliyotengenezwa kwa ajili ya halojeni, yaani balbu za mtindo wa zamani, mwanga ukatawanyika ovyo.

Ndani ya jicho, mwanga huo hautui mahali pamoja. Sehemu yake hutawanyika kwenye lenzi na kutandaza ukungu juu ya kila unachokitazama. Kadiri chanzo cha mwanga kilivyo karibu na mstari wa macho yako, ndivyo ukungu unavyokuwa mzito: ukizidisha pembe mara mbili, ukungu hupungua hadi takriban robo. Umri nao una neno. Kwa kanuni ya CIE, tume ya kimataifa ya mambo ya mwanga, mtawanyiko huo kwa mtu wa miaka 70 ni karibu mara mbili ya ule wa kijana. Mzazi wako akikwambia usiku haendeshi tena kwa sababu ya taa za watu, mwamini.

Kabla ya kutoa hata senti

Kuna mambo matatu ya bure ambayo yakifanyika sawasawa, baadhi yenu hamtahitaji kununua chochote.

La kwanza ni kusafisha, tena upande wa ndani. Plastiki za dashibodi zikipata joto hutoa mvuke unaoganda kwenye vioo kama utando mwembamba wa mafuta. Mchana hauonekani. Usiku kila taa inayopita hapo inaota miale. Pitisha kitambaa safi cha nyuzi laini kwenye kioo cha mbele, kioo kikubwa cha nyuma, vioo vya madirisha ya mbele na uso wa kila kioo cha kutazamia nyuma. Kitambaa cha kwanza kikitoka na weusi, chukua cha pili.

La pili ni kipini kidogo cha plastiki kilicho chini ya kioo cha ndani. Nimekutana na watu walioendesha miaka mingi bila kujua kazi yake, na inaniuma, kwa sababu ni kifaa bora na walishakilipia siku waliponunua gari. Nitaeleza hapa chini kinavyofanya kazi. Kwa sasa jua hili tu: kioo hurekebishwa kipini kikiwa kwenye nafasi ya mchana, yaani kimesukumwa kuelekea kioo cha mbele cha gari. Ukirekebisha kikiwa tayari kimevutwa, utakuwa unakitumia kinyume, na usiku ukikigusa utashangaa mambo yanazidi kuwa mabaya.

La tatu ni vioo vya pembeni, na hapa nitakaa kidogo. Madereva wengi huvitega ili waone ubavu wa gari lao na barabara iliyo nyuma yake. Matokeo yake vioo vyote vitatu vinaonyesha kitu kilekile, na gari la nyuma linakupiga mara tatu. Mwaka 1995 mhandisi George Platzer aliwasilisha kwa SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari, njia nyingine ya kuvitega ambayo lengo lake kuu lilikuwa kuondoa sehemu isiyoonekana ubavuni, lakini faida ya pili ilikuwa kuondoa mng'ao. Ukiwa umekaa kwenye kiti, egemeza kichwa kwenye dirisha la upande wako, kisha tega kioo cha upande huo hadi uone kwa shida tu ubavu wa gari lako. Halafu sogeza kichwa hadi katikati ya gari na ufanye vivyo hivyo kwa kioo cha upande wa pili. Ukirudi kukaa kawaida hutaliona gari lako kabisa kwenye vioo vya pembeni. Utaona njia za jirani. Gari linalokufuata litabaki kwenye kioo cha ndani peke yake, na hicho ndicho unachoweza kukifubaza.

Siku mbili tatu za mwanzo utajihisi umepotea, hasa wakati wa kurudi nyuma kuegesha. Fanyia mazoezi mchana. Na njia hii haiwafai wenye magari yasiyo na kioo kikubwa cha nyuma, au waliojaza mizigo hadi darini, kwa sababu wao hawana kioo cha ndani cha kutegemea.

Sasa tuje kwenye manunuzi.

1. Kioo cha ndani kinachofifia chenyewe

Hiki ndicho cha kununua kama unaweza kununua kimoja tu. Kati ya bapa mbili za kioo kuna jeli maalumu. Umeme mdogo sana, wa volti moja na kidogo, ukipita ndani yake, jeli inafanya weusi na mwanga unaorudi machoni kwako unapungua. Umeme ukikatwa, inarudi kuwa nyeupe. Kampuni ya Gentex ya Michigan, Marekani, ilianza kuviuza mwaka 1987, na leo vimeenea kwenye magari ya kila daraja.

Kinachonifanya nikiweke namba moja ni sensa zake mbili. Moja inatazama mbele na kupima kama ni usiku au mchana. Ya pili inatazama nyuma na kupima ukali wa taa. Kioo kinafifia pale tu giza la mbele na ukali wa nyuma vinapokutana, na kinafifia kwa kiasi kinachohitajika: kidogo kwa gari la mbali, zaidi kwa lililokuganda. Gari likikuacha, kinafunguka. Hugusi kitu. Ukitia rivasi kinatakiwa kifunguke mara moja ili uone unakokwenda. Na umeme ukikatika kabisa, kinabaki kioo cha kawaida, jambo ambalo kwangu ni muhimu kuliko mapambo yote ya dira na vitufe yanayoongezwa juu yake.

Unaweza kukipata kipya cha kufunga mwenyewe au cha mtumba kilichotoka kwenye gari lingine. Cha mtumba hakina ubaya, ila kipime kabla hujalipa. Muombe muuzaji akiunganishe na betri ya volti 12. Ziba sensa ya mbele kwa kidole, ile iliyo mgongoni mwa kioo, ili kidhani ni usiku. Kisha mulika tochi ya simu kwenye sensa ya upande wa dereva. Ndani ya sekunde chache uso wote unatakiwa ufifie kwa usawa, bila mabaka. Ondoa tochi, na kitaanza kurudi. Chunguza na kingo: vipovu, rangi ya kahawia inayotambaa kutoka pembeni au unyevunyevu wowote ni dalili kwamba jeli inavuja, na hiyo haitengenezeki. Jeli yenyewe huwasha ngozi na kuchafua dashibodi, kwa hiyo usiiguse kwa mkono mtupu.

Mambo mawili huwaharibia watu furaha baada ya kununua. La kwanza ni kipachiko. Vile vipande vya chuma vilivyogandishwa kwenye kioo cha mbele haviko namna moja, kwa hiyo piga picha ya chako na uende nayo dukani. Gari lako likiwa na sensa ya mvua au kamera ya usalama kwenye shina la kioo, uliza fundi anayeijua gari hiyo kabla ya kufungua chochote. La pili ni waya. Unahitaji umeme unaokuja pale tu funguo inapowashwa, usije ukaamkia betri iliyokauka, pamoja na waya wa hasi na, ikiwezekana, waya wa taa ya rivasi. Fundi apitishe waya juu ya dari na ashuke nao kwenye nguzo ya pembeni, nyuma ya mfuko wa hewa kama upo. Waya ukipita mbele ya mfuko huo, siku utakapofumuka utazuiwa njia.

Na baada ya kukifunga, usibandike stika wala kamera mbele ya sensa yake. Vivyo hivyo, ukiwa na tinti nzito sana nyuma, sensa ya nyuma inaona mwanga mdogo na kioo kinafifia kwa uvivu. Watu husema kimeharibika, kumbe kinasoma kile tu kinachopita kwenye tinti.

2. Kioo cha kawaida chenye kipini

Kama gari lako linacho na ni kizima, hujanunua chochote na bado umepata kifaa cha daraja la pili kwa ubora. Ninakiweka kwenye orodha kwa ajili ya wale ambao kipini kimevunjika, springi imelegea, au mmiliki wa awali alikiondoa akaweka kioo kingine.

Kioo hiki kina umbo la kabari: upande wa juu ni mnene kuliko wa chini. Mgongoni kimepakwa madini yanayorudisha sehemu kubwa ya mwanga, na hiyo ndiyo picha ya mchana. Uso wake wa mbele, ambao ni kioo kitupu, nao hurudisha mwanga kidogo, asilimia 4 hivi. Ukivuta kipini, ile picha kali inapelekwa darini, na kwako inabaki ile hafifu ya uso wa mbele. Taa zilizokuwa zinachoma zinageuka nukta mbili tulivu. Hakuna umeme, hakuna sensa, hakuna cha kuharibika isipokuwa springi.

Udhaifu wake ni kwamba kina hatua mbili tu. Kikiwa kimevutwa unaona taa bila umbo la gari, na ni rahisi kukosea umbali. Kwa hiyo kirudishe kabla ya kubadilisha njia kama huna uhakika, na kirudishe unapofika kwenye mji wenye taa za barabarani. Ukinunua kipya, kijaribu pale dukani: elekeza kwenye taa ya darini, vuta kipini, na picha inatakiwa iruke kwa mara moja na itulie. Ikitikisika, gari likiwa kwenye barabara mbovu itatikisika zaidi.

3. Kwa wanaovaa miwani: lenzi zenye utando wa kuzuia akisi

Kama unavaa miwani ya daktari na lenzi zako hazina utando huu, basi kwako wewe hii inaweza kupanda hadi namba moja. Lenzi ya plastiki ya kawaida hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso, jumla 8 kwa nyuso mbili. Lenzi nyembamba za bei ya juu hurudisha zaidi ya hapo. Kwenye kuendesha usiku, uso unaosumbua ni ule unaotazamana na jicho lako: mwanga wa gari la nyuma unapita kando ya kichwa, unagonga mgongo wa lenzi na kurudi moja kwa moja kwenye mboni. Unaona kivuli cha taa kinachoelea hewani mahali pasipo na taa.

Utando mzuri huishusha akisi hiyo hadi chini ya asilimia 1, na uzuri wake ni kwamba hauchukui mwanga wa mbele. Kinyume chake, mwanga ambao ungerudishwa sasa unapita. Ndiyo maana naupenda kuliko lenzi yoyote ya rangi. Unapoagiza, sema wazi kwamba unataka utando pande zote mbili. Ukiipokea, itazame chini ya taa: akisi inayobaki huwa hafifu yenye rangi ya kijani au zambarau. Ukiona taa nyeupe kamili kama kwenye kioo cha dirisha, hujapewa ulichoagiza. Utando huo huchunika ukifutwa kwa shati, hivyo tumia maji na kitambaa chake.

4. Vioo vya pembeni vilivyopunguzwa ukali

Watu hushughulika na kioo cha ndani na kusahau kile cha mlangoni, upande wa dereva. Hakina kipini. Mwanga wake haupiti kwenye kioo cha nyuma chenye tinti, unaingia kupitia dirisha la mbele ambalo mara nyingi ni jeupe. Baada ya kioo cha ndani kufanywa sawa, hiki ndicho kinachobaki kukutesa, na ndicho kinachofuata kushughulikiwa kama njia ya Platzer haikukutosha.

Kuna aina mbili. Bora ni ile inayofifia yenyewe kama kioo cha ndani. Lakini tahadhari: kwa kawaida kioo cha mlangoni hakina sensa zake, kinapokea amri kutoka kwa kile cha ndani. Ukinunua kioo cha pembeni peke yake bila cha ndani kinachoweza kukiongoza, umenunua kioo kisichofanya chochote. Uliza kuhusu vyote viwili kwa pamoja.

Aina ya pili ni kioo chenye rangi, kwa kawaida bluu, kinachobandikwa au kuchomekwa mahali pa kile cha zamani. Kinapunguza mwanga wa nyuma muda wote, usiku na mchana, na kwa mvua au giza nene utakiona kizito. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kioo cha bluu hurudisha zaidi mwanga wa bluu na kupunguza wa manjano na mwekundu. Kilikuwa na maana sana enzi za halojeni, ambazo mwanga wake ni wa manjano. Taa nyeupe za LED zina bluu nyingi, na sehemu hiyo inarudi kwako bila kupunguzwa sana. Kinasaidia bado, ila usitegemee muujiza dhidi ya magari mapya. Kioo cha kijivu kisichopendelea rangi kinafaa zaidi ukikipata.

Tafuta alama ya herufi E iliyozungushiwa duara pamoja na namba. Inaonyesha kioo kimeidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, ambazo zinataka kioo cha kawaida kirudishe angalau asilimia 40 ya mwanga. Vile vinavyobadilika vinaruhusiwa kushuka hadi asilimia 4 kwenye hali ya usiku, kwa sababu vinaweza kurudi juu. Kioo chenye giza la kudumu hakirudi, na ndiyo maana hakiruhusiwi kuwa cheusi kiasi hicho. Filamu nyeusi ya kubandika mwenyewe juu ya kioo cha pembeni haina alama yoyote, inaota vipovu na kupotosha umbo. Iache.

5. Kioo cha skrini na kamera

Hapa picha inatoka kwenye kamera iliyofungwa nyuma ya gari, na kioo cha ndani kinageuka kuwa skrini. General Motors iliiweka kwenye Cadillac CT6 ya mwaka 2016, na tangu hapo imesambaa. Mng'ao unakuwa umepungua tangu kwenye kamera, na faida kubwa ni kwamba vichwa vya abiria na mizigo havizibi tena mandhari. Kwa mwenye gari la mizigo au familia kubwa, kifaa hiki kinaweza kuwa jibu pekee.

Kwa nini basi nimekiweka katikati? Macho. Unapotazama kioo cha kawaida, jicho linabaki limelenga mbali, kwa sababu picha iko mbali kama kitu chenyewe. Unapotazama skrini, jicho linalazimika kulenga karibu, kisha lirudi mbali. Kijana hahisi. Mtu aliyeanza kuhitaji miwani ya kusomea atahisi sana, na kila kutupa jicho kutamchukua muda anaouhitaji barabarani. Mwombe muuzaji akuruhusu ukijaribu usiku, si mchana. Hakikisha mwanga wa skrini unashuka chini kabisa, maana skrini iliyong'aa ndani ya gari lenye giza ni taa nyingine umejinunulia. Hakikisha pia ukikizima kinageuka kioo halisi, kwa ajili ya siku kamera itakapojaa tope.

Vile vya bei ndogo vinavyofungwa kwa mpira juu ya kioo cha zamani ni vizito, hutikisika, na vikizimwa hubaki vyeusi visivyoonyesha vizuri. Kama lengo lako ni kurekodi safari, sawa. Kama ni mng'ao, pesa hiyo iende kwenye namba 1.

6. Tinti na pazia la nyuma

Tinti ya kioo cha nyuma hupunguza mwanga kabla haujaingia, na inasaidia kweli. Namba zake huwachanganya wanunuzi: 35 ina maana inapitisha asilimia 35 ya mwanga, kwa hiyo namba ndogo ndiyo nyeusi zaidi. Sheria ya kiwango hutofautiana nchi na nchi, na huwa kali zaidi kwa madirisha ya mbele. Isome kabla ya kubandika, kwa sababu kuibandua kwenye kioo chenye nyaya za kuondoa ukungu kunaweza kuzikata. Shaka yangu ni wakati wa kurudi nyuma usiku mahali pasipo na taa. Mtoto aliyechuchumaa nyuma ya gari haoneki kupitia tinti nzito. Kama huna kamera ya rivasi, chagua nyepesi.

Pazia la wavu linalovutwa na kufungwa ninalipenda kidogo zaidi, kwa kuwa linaondoka unapolihitaji liondoke. Usiegemeze jaketi wala mto kwenye kioo cha nyuma badala yake.

7. Kioo kirefu cha kupachika juu ya kile cha ndani

Kile kipana cha bluu, kilichopinda, kinachoshikiliwa na vibano. Kinaonyesha eneo kubwa na kinauzwa kama dawa ya mng'ao. Kwa kuwa kimepinda, magari ya nyuma yanaonekana madogo na ya mbali kuliko yalivyo, jambo la hatari unapokadiria kasi usiku. Baya zaidi, kinaua kipini chako. Chenyewe hakina umbo la kabari, kwa hiyo ukivuta kipini kinainama chote na kukuonyesha dari. Umelipia kifaa dhaifu kifunike kilicho bora.

8. Miwani ya njano ya kuendeshea usiku

Hii ndiyo ninayotaka uiache dukani. Inafanya kila kitu kionekane angavu na chenye uhai, na mvaaji huapa kwamba imemsaidia. Lakini inachuja mwanga wa mbele, wa nyuma na wa pembeni, kutoka unapoondoka hadi unapofika. Mwaka 2019 watafiti wa Schepens Eye Research Institute ya Boston walichapisha kwenye jarida la JAMA Ophthalmology majaribio ya kuendesha usiku kwenye kiigizo, yaani mashine inayoiga gari na barabara, wakiangalia jinsi madereva wanavyowahi kumwona mtembea kwa miguu kukiwa na mng'ao wa taa na bila mng'ao. Miwani ya njano haikuwasaidia, na palipokuwa na mng'ao ilionekana kuwachelewesha kidogo. Kama umeshainunua, ivae mchana. Miwani ya jua usiku sihitaji hata kuieleza.

Usinunue pia taa za kumulika nyuma ili kumlipizia anayekufuata. Ni kosa la kisheria karibu kila mahali, na dereva unayempofusha ndiye aliye mita chache nyuma ya bampa lako. Punguza mwendo taratibu penye nafasi, washa indiketa, sogea, mwache apite.

Na kama umesafisha vioo, umetega vya pembeni, kioo cha ndani kinafifia vizuri, na bado kila taa inakuonyesha duara la ukungu au miale inayotapakaa, usirudi dukani. Nenda kwa daktari wa macho, mweleze kwamba tatizo linakuja usiku, na mwombe apime mtoto wa jicho, ukavu wa macho na namba ya miwani yako. Mtoto wa jicho unaweza kuanza kwa dalili hiyo ya mng'ao wakati mchana bado unasoma bila shida.